Si kila treni ni ya kukatia tiketi mapema

Mtu akishapata tarehe ya safari ya ng'ambo, hushikwa na homa ya kutaka kumaliza kila kitu usiku huohuo. Ndege imelipiwa, hoteli imelipiwa, basi na treni zote akate leo, kuanzia ile ya siku ya kutua mpaka ile ya kumrudisha uwanja wa ndege. Nami nimeugua homa hiyo. Siku hizi, kabla sijatoa hata senti, huzigawa treni mafungu mawili: za kukimbilia na za kusubiri.

Za kukimbilia ni zile ambazo nauli yake hupanda kadiri siku zinavyokaribia, kama ya ndege. Ndizo treni za kasi kama TGV za Ufaransa, AVE za Hispania, na Eurostar inayopita chini ya bahari kati ya London na Paris. Kila abiria ana kiti chake, na vile vya bei ya chini vikiisha, vimeisha. Hizo zikianza kuuzwa, usijivute. Ujerumani nako kuna nauli iitwayo Sparpreis. Ni nafuu kweli, ila inakufunga kwenye treni uliyoichagua; ukichelewa kwa uzembe wako, umebaki na karatasi.

Za kusubiri zina tabia nyingine kabisa. Uswisi treni nyingi unapanda bila kushikiwa kiti, na ratiba yake hurudi dakika zilezile saa baada ya saa, mpango ulioanza nchi nzima mwaka 1982. Ukiikosa moja, kahawa yako haijapoa na nyingine imefika. Treni za mikoa za Italia nauli yake ni ileile, ukate leo au dakika tano kabla ya kupanda (ila ile tiketi ya karatasi lazima uigonge kwenye mashine ya stesheni kwanza, la sivyo ni faini). Kuharakia treni kama hizi ni kujifunga kamba bure. Najua nauli za punguzo zipo hata Uswisi kwa anayekata mapema. Mimi naona uhuru wa kubadili mawazo asubuhi una thamani kuliko punguzo hilo.

Somo hili nililipia siku ya kutua. Nilikuwa nimekata tiketi nafuu ya treni inayoondoka saa mbili baada ya ndege kufika, na nilipokuwa nimekaa mezani, saa mbili zilionekana tele. Ndege ikachelewa. Foleni ya uhamiaji ikajikunja mara nne. Begi langu likatoka miongoni mwa ya mwisho. Nilifika jukwaani nikihema, nikaiona treni kwa mgongo. Tiketi mpya nikainunua dirishani kwa bei ya siku hiyohiyo, na akiba yote niliyokuwa nikijisifia ikaishia hapo, na zaidi. Tangu hapo, siku ya kutua sikati chochote cha kunifunga. Nalala mji uleule, au nanunua tiketi inayokubali treni yoyote ya siku hiyo hata kama ni ghali.

Jambo hilohilo liko kwenye kuunganisha treni. Ukiwa na tiketi moja ya safari nzima, treni ya kwanza ikichelewa na kukukosesha ya pili, kwa kawaida unaruhusiwa kuendelea na nyingine. Ukiwa na tiketi mbili ulizonunua mbalimbali, kila moja inajitegemea na hasara ni yako. Na tazama jina la stesheni, usitazame jina la mji tu. Paris haina stesheni kuu moja. Anayetoka London anashuka Gare du Nord, na treni za kwenda kusini, Lyon na Marseille, ziko Gare de Lyon. Kati yake ni vituo viwili tu kwa treni ya mjini ya RER D, lakini ukiwa na begi mkononi na umati mbele yako, mimi nahesabu saa moja na nusu wala sioni aibu.

Kwa wanaosafiri kwa viza, London ina mtego wake. Viza ya Schengen, ile moja inayotumika Ufaransa na nchi nyingi za Ulaya, haikuingizi Uingereza, na kama ni ya kuingia mara moja, ukishatoka Paris kwenda London umeimaliza, hata kama siku zake hazijaisha. Pasipoti hukaguliwa kwa pande zote mbili kabla hujapanda Eurostar, kwa hiyo huwezi kusema utajieleza ukifika. Panga London iwe mwanzo au mwisho wa safari, isikae katikati.

Pasi za treni, yaani tiketi moja ya kupandia treni nyingi kwa siku kadhaa, nazo husifiwa kupita kiasi. Interrail ni ya wakazi wa Ulaya, wageni kutoka nje hununua Eurail. Zote zinakupa haki ya kusafiri, lakini kwenye TGV bado unalipia kiti, na viti vya wenye pasi vimewekewa kikomo. Ile ya Japani ya siku 7 ilipanda Oktoba 2023 kutoka yeni 29,650 hadi 50,000. Kwenda Kyoto kutoka Tokyo na kurudi kwa shinkansen, treni ya kasi ya huko, hakufiki bei hiyo hata ukinunua tiketi mojamoja. Pasi inamfaa asiyejua kesho atalala wapi. Mwenye miji mitatu na tarehe zake, apige hesabu kwanza.

Usishtuke pia ukitafuta treni ya mwisho wa Desemba na kuambiwa hakuna. Ulaya hubadili ratiba Jumapili inayofuata Jumamosi ya pili ya mwezi huo, na mara nyingi tiketi za baada ya hapo huchelewa kutolewa.

Safari yangu ijayo ina treni tano. Nimekata mbili, Eurostar na TGV ya kwenda kusini. Za Uswisi sijazigusa, na sitazigusa mpaka asubuhi yenyewe, nione mawingu yamelalia mlima upi.