Feni ya maji Lamu ni kuongeza jasho juu ya jasho

Machi ile, kaskazi ishachoka na kusi haijaingia bado, usiku hata jani la mnazi halitikisiki, nikachoka kulala na taulo la maji kifuani nikapanda basi mpaka Mombasa nikanunua feni ya maji, ile yenye tangi chini na pedi za karatasi zilotoboka toboka kama sega la nyuki. Kijana wa dukani akanambia, "Ami, hii yapoza kama kiyoyozi na stima haili." Kwa stima hakusema uongo. Yangu imeandikwa wati 130, na kiyoyozi kidogo cha chumba ni kama wati 900, yaani tokeni ya wiki moja ya kiyoyozi, hii ingeila mwezi na zaidi. Ila hakuniuliza naishi wapi.

Nusu saa ya mwanzo raha tupu, upepo baridi usoni, nikajiona mjanja. Kufika saa nane za usiku shuka imenata mgongoni, neti imerowa, na asubuhi kibiriti kimekataa kuwaka na chumvi kwenye kikombe imekuwa uji. Mama akaingia, akanusa, akasema, "Mwanangu, chumba chanuka kama dau lililofunikwa." Siku ya nne ukungu mweusi ushaanza pembeni ya kabati.

Nikaenda kusoma, jambo ambalo ningelifanya kabla sijatoa pesa. Hii mashine haipozi kwa ajabu yoyote, maji yakigeuka mvuke yanachukua joto la hewa, kila lita inabeba joto la kama theluthi mbili za yuniti moja ya stima, na hiyo si kidogo. Lakini maji yatageuka mvuke tu kama hewa ina nafasi ya kuyapokea. Chukua mchana mkavu wa Garissa, tuseme nyuzi 37 na unyevu asilimia 25, feni nzuri inaweza kukuteremshia mpaka nyuzi 25 hivi na kile kiunyevu kinachoongezeka huko mtu anakishukuru. Sa njoo kwetu, nyuzi 32 na unyevu 75, hata ikifanya kazi kwa nguvu zake zote itakupa nyuzi 29, na hewa inayotoka imekaribia kushiba maji, kwa hivyo jasho lako mwenyewe halikauki vizuri, na jasho ndilo kiyoyozi alokupa Mungu. Bora feni kavu ya wati 60 ikupige mwilini!

Na maji yenyewe tuseme nini. Ya kisima chetu yana chumvi, pedi ziliota ukoko mweupe kabla mwezi haujaisha. Matamu yanatoka visima vya Shela chini ya vilima vya mchanga, na hayo hayatoshi kunywa, seuze kupuliziwa chumbani.

Cha kuchekesha ni kwamba ujuzi huu si mgeni kwetu hata kidogo. Mtungi wa bibi ulikaa pale upepo unapopita, udongo wake unatoa jasho, unachota na kata maji yana ubaridi mtamu usiouma meno. Bibi alipoza maji ya kunywa basi, hakuna alofikiria kukitoa jasho chumba kizima. Chumba kilikuwa na dawa yake, kuta za mawe ya matumbawe nene karibu nusu mita, dari ya boriti iko juu, kiwanda, yaani ua ulio wazi juu, katikati ya nyumba joto lipande litoke, na vichochoro vyembamba jua lisifike ukutani. Leo tunajenga matofali membamba, mabati juu bila dari, madirisha hayatazamani, halafu twashangaa kwa nini ndani ni tanuri.

Wenye nafasi wanafunga viyoyozi na siwalaumu, kiyoyozi angalau kinakausha hewa. Lakini simama kichochoroni nyuma ya hicho kiyoyozi, pale punda wawili hawapishani, uone lile joto linalotupiwa wapita njia na nyumba ya jirani. Na gesi yake je, R-410A ikivuja, kilo moja inaipasha joto dunia mara 2,000 na ushei kuliko kilo ya hewa ya ukaa, ile gesi nyingine, R-32, ni mara 675, nafuu lakini si ndogo. Feni ya maji haina gesi yoyote, hapo naipa haki yake. Mi nasema kabla ya mashine yoyote mtu atie dari chini ya mabati, apasue dirisha la pili upande wa pili, anunue feni ya kawaida.

Yangu iko barazani, nimeioshea pedi kwa siki. Binamu yangu wa Garissa anaitaka na kila siku anapiga simu, nangoja tu mtu wa kuivusha mpaka Mokowe, ng'ambo bara, aipakie basi.