Salamu Chini ya Lori

Nimeoga mara tatu na bado kuku wananikwepa. Oili ya gia inanuka kama yai viza, na ile iliyoniingia sikioni jana haina haraka ya kuhama. Mama watoto amenitandikia sebuleni kama mgeni wa heshima.

Klachi ilianza kuteleza nikipanda mlima wa Sachangwan. Injini inalia, lori halisongi, na sijabeba hata kiazi kimoja. Boda aliyefunga kitanda nyuma akanipita. Fundi akataja bei ya kushusha giaboksi ili aifikie klachi, nikamwambia nitafikiria. Nimefikiria hapa uani, mtaa wa Free Area, Nakuru, na binamu yangu, na jeki ya kuazima.

Propela, kile chuma kirefu kinachopeleka nguvu magurudumu ya nyuma, ikatoka. Boliti za juu za giaboksi, zilizobuniwa na mtu asiye na mikono, zikanila ngozi ya vidole viwili. Klachi pleti ilikuwa imelika hadi riveti zinachungulia.

Sasa kurudisha. Nimelala chali juu ya gunia, giaboksi iko kwenye jeki, naishikilia kwa magoti, binamu anazungusha nyuma pole pole ili meno ya shafti yaingie kwenye pleti. Imebaki nafasi ya kidole. Viatu vikatokea, vimepigwa rangi. Jirani yetu, mwalimu mstaafu.

"Hamjambo humo chini?"

"Hatujambo, Mwalimu."

"Mama watoto?"

"Mzima."

"Na watoto?"

"Wazima, Mwalimu."

"Yule ng'ombe alizaa?"

"Dume," nikasema, kwa sauti ya mtu aliyekaliwa kifuani. Mzee hakatizwi salamu. Jeki ikashuka kidogo.

"Mvua mmeionaje?"

"Mwalimu, tafadhali!"

Kimya. Halafu: "Na hii beringi mpya hapa kwa stuli, ni ya gari gani?"

Nikageuza shingo. Beringi ya klachi, ile inayotangulia kuingia kabla giaboksi haijapanda, bado iko kwa karatasi yake.

"Ni ya hili, Mwalimu."

"Ooh. Basi niwaache mfanye kazi."

Tukaishusha giaboksi tena, yote, na vumbi la Nakuru likitumiminia machoni. Binamu akaacha kuniongelesha. Saa moja usiku, stima zimepotea, tukamalizia na tochi ya simu.

Nilipofika kwa stuli, kikombe changu cha chai kilikuwa kitupu. Chai ya maziwa! Na sukari nilikuwa nimeweka vijiko vitatu.