Kuizima akaunti hakutoshi

Nimeomba akaunti yangu ya Facebook ifutwe kabisa. Hapa Mombasa kila anayesikia ananiuliza kwa nini nisiizime tu kwa muda. Kwa sababu kuzima si kufuta. Akaunti iliyozimwa watu hawaioni, lakini picha zako na maandishi yako bado yamo mikononi mwa kampuni, na Messenger unaweza kuendelea kuitumia.

Ukiomba ifutwe, unapewa siku 30 za kughairi. Zikipita, huwezi tena kuirudisha, na kazi ya kufuta data zako huweza kuchukua hadi siku 90. Basi itoe programu kwenye simu, usije ukaingia kwa mazoea. Picha zako zipakue mapema. Na wewe dada unayeuza madera kwenye ukurasa unaousimamia peke yako, mkabidhi mtu mwingine usimamizi kwanza, la sivyo nao utafutwa.

Kilichonisukuma ni binti yangu. Amekua, hataki picha zake za utotoni zitazamwe na watu asiowajua, na mimi naona ana haki. Sisi wa Mji wa Kale tukienda kwenye kupamba, ile sherehe ya harusi ya wanawake watupu, wenye harusi wakisema simu zisitolewe, hakuna anayebisha. Wanawake wamevua mabuibui, wamejipamba, na kila mtu anajua picha zao si za kuzagaa. Heshima hiyo kwa nini tumnyime mtoto, ambaye hata kuulizwa hakuulizwa? Sura yake, beji ya shule yake, mlango wa kwao, vyote tunaviweka hadharani, tena kwa mapenzi.

Ila kufuta akaunti yako hakugusi vya wenzako. Ujumbe uliomtumia mtu hubaki kwake, na picha aliyoiweka shangazi mtu kwenye ukurasa wake itabaki pale pale. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 31, inalinda faragha ya kila mtu, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 imetupa Kamishna wa Data wa kumpelekea malalamiko. Hayo mimi nayaachia makampuni. Baina ya ndugu naona tuzungumze.

Kwa hivyo mawifi zangu, mashoga zangu na majirani, aliye na picha ya binti yangu kwenye ukurasa wake, namwomba aiondoe.