Uhalifu una kazi gani? Nadharia ya uamilifu mbele ya kesi ya Massachusetts

Mwaka 1895 mwanasosholojia Mfaransa Émile Durkheim aliandika kwamba uhalifu ni jambo la kawaida katika kila jamii, tena una kazi: watu wanaomkasirikia mkosaji kwa pamoja hukumbushana mpaka wa maadili yao uko wapi. Hata jamii ya watakatifu watupu, alisema, ingeyakuza makosa madogo hadi yawe kashfa. Huu ndio uamilifu: kulieleza jambo kwa kazi linayoifanyia jamii.

Mwanasosholojia Mmarekani Kai Erikson aliipima hoja hiyo mwaka 1966 kwa Massachusetts Bay, koloni la Waingereza huko Amerika lililoanzishwa na Wapuritani, Waprotestanti wenye msimamo mkali, jamii iliyojiona teule. Alichambua mawimbi matatu: Anne Hutchinson aliyeshtakiwa mwaka 1637 kwa kuwapinga wachungaji na kufukuzwa mwaka uliofuata, Wakweka, wafuasi wa dhehebu jingine la Kikristo, ambao wanne wao walinyongwa Boston kati ya 1659 na 1661, na kesi za uchawi za Salem, 1692. Kila mara, kwa maelezo yake, koloni lilikuwa limeanza kupoteza uhakika wa lenyewe ni nani, na mkosaji akawa alama ya mpaka. Hapa nadharia ina nguvu kweli. Inaeleza kwa nini kuvaa kofia mbele ya hakimu, desturi ya Wakweka, kuligeuka tishio kwa dola.

Lakini kueleza faida ya jambo si kueleza chanzo chake. Kama adhabu huunganisha, Salem ingetoka imeshikamana. Watu 19 walinyongwa, na Giles Corey akafa kwa kukandamizwa na mawe. Ugomvi wa kijiji juu ya mchungaji Samuel Parris uliendelea mpaka akaondoka. Mwaka 1697 koloni lilitangaza siku ya kufunga na kutubu, na mwaka 1711 likapitisha sheria ya kuwasafisha wengi wa waliohukumiwa na kulipa fidia. Jamii iliyonufaika isingehitaji toba hiyo. Swali ambalo wanauamilifu hulipita haraka ni hili: kazi hiyo ilifanyika kwa faida ya nani? Hakimu na aliyenyongwa hawakuwa na “jamii” moja.

Kuna kasoro nyingine, ya kitakwimu. Erikson alitumia kumbukumbu za mahakama za Essex, wilaya ya koloni hilo, 1651 hadi 1680, kuonyesha kwamba idadi ya wakosaji haikubadilika sana. Ila kumbukumbu hizo zinahesabu waliofikishwa mahakamani. Mahakama na makonstebo wakiwa wale wale, idadi ya kesi hutulia hata kama mitaani mambo yamebadilika. Erikson mwenyewe aliligusia hilo, na kwangu linatosha kuyapunguzia madai ya Durkheim uzito mkubwa.

Mwanauamilifu mwingine, Mmarekani Robert Merton, mwaka 1938 alishuka kwa mtu mmoja mmoja: anayefundishwa kutamani utajiri huku njia halali zimefungwa anaweza kubuni njia haramu. Wizi unaelezeka hivyo. Kijana anayevunja vioo vya shule bila kupata senti haelezeki, na ndipo mwanasosholojia Albert Cohen alipoingia mwaka 1955 na hoja ya vijana wanaosaka heshima waliyonyimwa darasani.

Kwa hiyo anayeitumia nadharia hii atenganishe idadi ya walioshukiwa, walioshtakiwa na waliohukumiwa. Aangalie kama askari na mahakama ziliongezwa kipindi hicho. Kisha atafute ushahidi wa mshikamano baada ya adhabu, siyo kauli za viongozi waliokuwa wakiitoa.