Toleo la Majaribio Lilivyotangaza Madeni Yangu Mtwara Nzima

Kwanza nisahihishe habari, kwa sababu mtani wangu ameshaisambaza katika makundi matatu ya WhatsApp kabla sijapata hata muda wa kuoga: ninachodaiwa ni shilingi 87,500, wala si milioni mbili, sikuwa nimelewa, na gari la matangazo sikulikimbiza kwa miguu, bali kwa bodaboda, jambo ambalo, kama mtakavyoona, lilikuwa baya zaidi.

Mnaonifuata hapa mnaijua kazi yangu. Nina chumba kimoja Magomeni chenye magodoro yaliyosimamishwa ukutani, kompyuta ya mkononi na maikrofoni moja, na humo hurekodi matangazo ya mikutano, minada na harusi. Juzi chama cha msingi kimoja cha wakulima wa korosho kilinipa kazi ya kutangaza mkutano wa Jumamosi kuhusu mgawo wa salfa, ile dawa ya unga inayopulizwa kwenye mikorosho kuzuia ugonjwa wa ubwiriunga. Ilikuwa kazi ndogo: sekunde 50 za maneno, ngoma ya sindimba ikilia taratibu chini yake, na gari lianze kuzunguka saa 2 asubuhi.

Adui yangu ni mashine ya kusaga iliyo nyuma ya nyumba. Toleo thabiti la programu yangu ya kurekodi sauti huondoa kelele kwa hatua mbili: unalichagulia sekunde chache za kelele tupu ili liitambue, kisha unaliamuru liiondoe katika rekodi nzima, na ukizidisha kidogo tu msemaji husikika kana kwamba amefungiwa ndani ya mtungi. Toleo la majaribio, lile wanaloliita beta, liliahidi kuyafanya yote hayo kwa kubonyeza mara moja. Programu yenyewe siitaji jina, maana haina hatia. Ilipofunguka ilinionya waziwazi kwamba haijakamilika na isitumiwe kwa kazi muhimu, nami nikakubali kwa kasi ile ile ambayo sote huitumia kukubali masharti tusiyoyasoma.

Mtani wangu alinikataza. Yeye hutumia Audacity, iliyotolewa kwa umma mwaka 2000, na huisimulia historia yake kama mzee wa Mikindani anavyosimulia habari za majahazi. Alinieleza kwamba kwa miaka kadhaa programu hiyo ilikuwa na matoleo mawili yaliyokwenda sambamba, 1.2 lililo thabiti na 1.3 lililo beta, mpaka lilipotoka 2.0 mwezi Machi 2012, na kwamba mradi, yaani faili la kazi unayoendelea kuihariri, ukihifadhiwa katika 1.3 haukuweza kufunguliwa katika 1.2. Hata toleo la 3.0 la Machi 2021, ambalo halikuwa beta, lilibadili muundo wa faili za miradi kiasi kwamba matoleo ya zamani hayazifungui. Akaniambia, "Mtani, ukishavuka huko, mtumbwi haurudi." Nikamjibu kwamba mimi natangaza mgawo wa salfa, sivuki Ruvuma.

Sasa njooni kwenye upumbavu wangu halisi. Kabla ya kurekodi ni lazima kupima kiwango cha sauti, na kuhesabu moja, mbili, tatu hakusaidii sana, kwa kuwa hakuna mtu anayeongea kama anayehesabu. Unahitaji maneno yanayotoka moyoni kwa dakika mbili hivi. Usiku ule moyoni mwangu kulikuwa na madeni tu. Nikayataja yote, moja baada ya jingine, na kila mdai nikampa maoni yake. Nilipomaliza, treki hiyo, yaani ule mstari wa sauti ndani ya programu, niliinyamazisha kwa kitufe chake badala ya kuifuta, nikidhani ningeihitaji kulinganisha sauti, kisha nikarekodi tangazo juu yake, nikaweka ngoma, nikaiamuru programu iishushe ngoma kila inaposikia mtu akiongea. Nikasikiliza humo humo ndani ya programu: safi kabisa. Nikatoa faili la MP3, nikaliingiza kwenye flashi, nikalala. Lile faili lenyewe sikulisikiliza.

Wenye kazi hii mmeshashika vichwa. Wengine niwaeleze: lile toleo la majaribio, wakati wa kutoa faili, halikujali treki ipi imenyamazishwa. Lilichukua zote.

Nilikuwa nakunywa chai nilipolisikia gari kwa mbali, upande wa Chikongola, na kwa sekunde chache nilijisikia fahari. Kisha nikahisi tangazo lina mwangwi. Kisha mwangwi ukataja supu ya pweza. Nilitoka na kikombe mkononi, nikampigia dereva simu ambayo hakuipokea, kwa kuwa mtu aliyebeba vipaza sauti viwili juu ya kichwa chake hasikii simu, nikarukia bodaboda ya kwanza niliyoiona.

Tulilipata gari karibu na soko kuu, limekwama nyuma ya mikokoteni. Hapo, ndugu zangu, muda ulisimama. Maneno ya mkutano yalikuwa yanaishia, "…nyote mnaombwa kufika bila kukosa," na baada ya hapo kimya kikaingia, ngoma ya sindimba ikapanda kidogo, halafu ikanitambua kuwa naongea, ikashuka kwa adabu kama mtu anayempisha mzee mlangoni, nikabaki mimi peke yangu juu ya soko. Na niseme ukweli: kazi ya kuondoa kelele ilikuwa nzuri mno. Mashine ya kusaga haikusikika hata chembe. Kila silabi ilikuwa imeoshwa.

"Mama wa supu ya pweza, elfu kumi na nne na mia tano," sauti yangu ikasema kwa utulivu wa msoma taarifa ya habari, "na vipande vyake vinapungua kila deni linapoongezeka." Muuza nyanya akaacha kupanga mafungu. "Duka la jirani, elfu ishirini, huyo mzee haoni vizuri, daftari lake si la kuaminika." Mtu mmoja akacheka, wengine wakamwambia anyamaze wasikie. "Fundi cherehani, elfu nane, suruali ameibana, nami nambania." Kisha nikavuta pumzi, na pumzi hiyo nayo ilisikika vizuri. "Shemeji, elfu arobaini. Huyo hana shida, nikimwambia mtoto anaumwa hataniuliza tena."

Nilikuwa namhimiza dereva wa bodaboda apenye kati ya mikokoteni, nikimwambia kaka ongeza, kaka ongeza, huku nikijua kitakachofuata, kwa kuwa mwandishi wa orodha ile nilikuwa mimi. "Halafu kuna yule kijana wa bodaboda wa kijiwe cha hapa kwetu, elfu tano. Huyo nikimwona napita uchochoroni."

Pikipiki ikapunguza mwendo. Ikasimama. Akazima injini, akavua kofia taratibu, akageuka kunitazama, na mimi kwa mara ya kwanza asubuhi ile nikamtazama usoni aliyenibeba.

"Kaka," akasema, "kumbe ndiyo maana sikuoni."

Gari likasonga mbele. Ngoma ikapanda, kisha ikashuka tena kwa heshima: "Wakulima wote mnatangaziwa…"

Yaliyobaki ni mafupi. Nililipa elfu tano papo hapo na nauli juu yake, nikalifikia gari kwa miguu (hapa mtani ana haki kidogo), nikachomoa flashi. Nilitaka kusahihisha kwa toleo thabiti, lakini lilikataa kabisa kuufungua mradi uliohifadhiwa na beta, na mtani aliponipigia simu hakusema neno, alipiga mluzi tu kama anayeuita mtumbwi kutoka ng'ambo. Nikarekodi upya yote, mashine ya kusaga ikinguruma kwa mbali kila baada ya sentensi, na wenye chama wakasema hivyo ndivyo wanavyotaka, mradi nisikike nikitangaza salfa peke yake. Shemeji alifika saa 12 jioni akiwa na matunda ya mgonjwa. Alimkuta mtoto anacheza mpira uani. Akaketi, akayala matunda yote yeye mwenyewe, moja moja, akinitazama.

Leo asubuhi nilikwenda kumlipa mama wa supu. Alizipokea fedha, akazihesabu, akanijazia bakuli kwa vipande vikubwa ambavyo sijawahi kuviona, kisha kabla ya kunikabidhi akainama akakagua mfuko wa shati langu, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, hapa hurekodi?"