Reli za Treni Zipo, Sasa ya Msumeno ya Nini?

Hivi nani alimwambia mama watoto kwamba kabati la jikoni mtu anaweza kujitengenezea mwenyewe? Tangu aone la jirani zetu wa Ilazo, kwangu hakuna amani. Nikisema tumpe fundi, ananikumbusha yule fundi wa kitanda aliyekula advansi yetu na mpaka leo ukimpigia simu yuko njiani. Njia gani hiyo isiyofika? Treni ya umeme inatoka Dar mpaka hapa Dodoma kwa saa tatu na ushee, yeye anatokea Chang'ombe ya hapa hapa Dodoma tu.

Nikasema haya, nitakata mwenyewe. Hapo ndipo yalipoanza ya misumeno.

Nina mpwa wangu yuko chuo. Huyu kijana hajawahi kupigilia hata msumari wa kutundikia kalenda, lakini kwenye simu ameshatengeneza makabati ya Ulaya nzima. Anakuja Jumapili, anamaliza ugali wangu, halafu ananipa semina. "Mjomba, achana na msumeno wa duara wa kawaida. Siku hizi watu wanatumia wa reli." Namuuliza reli ipi, ananionesha. Kumbe ni msumeno wa duara ule ule, wa umeme wenye diski ya meno, ila diski imefichwa ndani ya kasha, na chini kuna bapa refu la aluminiamu lenye tuta katikati. Unaulaza msumeno juu ya bapa, ukiubonyeza diski inashuka, unasukuma. Hauendi kushoto, hauendi kulia, unakwenda mbele tu. Anasema Wajerumani wamekuwa na reli za misumeno tangu miaka ya 1960.

Mama watoto alikuwa anachambua mchele, akadakia bila kuinua kichwa. "Baba Neema, Mjerumani alishatuletea reli hapa Dodoma 1910. Ya SGR nayo hiyo imekuja. Wewe hiyo ya tatu unataka upitishe nini?"

Sikumjibu, lakini nilikwenda kuangalia vipimo, maana mimi mtu akinikebehi nasoma. Treni ya SGR upana wa njia yake ni milimita 1,435. Reli ya msumeno inayouzwa sana urefu wake ni milimita 1,400. Yaani nikiilaza yangu katikati ya njia ya treni inabaki nafasi ya vidole viwili. Na hata hivyo haitoshi! Plaiwudi nzima ni futi 8 kwa futi 4, milimita 2,440 kwa 1,220. Ukitaka kuichana kwa urefu, ununue reli mbili na vyuma vya kuziunganisha, au moja ndefu ya mita tatu. Sasa mita tatu za aluminiamu nitazileta na nini? Konda wa basi atanitoza nauli ya abiria. Bajaji itatembea imezitoa ubavuni, mpaka zifyeke waenda kwa miguu wote kuanzia Majengo. Na zikigonga nguzo zikapinda kidogo tu, basi nimenunua fimbo ya bei mbaya kuliko zote Tanzania.

Bei sasa. Huku kwetu kitu kikubwa tunakipima kwa mifugo, tunaelewana haraka. Msumeno wa duara wa kawaida ni mbuzi wawili, labda uongeze jogoo kama unataka wenye jina. Wa reli, pamoja na reli zake, unaanza kuongelea ng'ombe. Nikimpigia baba kule Kongwa nimwambie nauza ng'ombe nikanunue msumeno wa kukatia kabati moja, atakuja na wazee wa ukoo kuniuliza ninaumwa nini.

Kuna mzee mmoja mtaani kwetu aliyestaafu useremala, penseli bado anaiweka sikioni hata akienda kwenye msiba. Yeye hataki kusikia habari za reli. "Kijana, nunua wa duara, tafuta ubao ulionyooka, ubane kwa klampu, pitisha. Reli ndiyo hiyo." Nikaona mzee anasema kweli. Lakini mzee hakunieleza hesabu yake.

Hesabu yenyewe iko hivi. Ubao wa kuongozea hauuweki kwenye mstari wa penseli. Kinachougusa ubao ni ukingo wa bamba la chini la msumeno, na diski iko kando huko, sentimita kadhaa. Kwa hiyo pima kutoka ukingo wa bamba mpaka kwenye jino. Jino lipi? Meno yamepanuliwa huku na huku, ukikosea upande umepoteza milimita mbili. Toa hiyo kwenye kipimo cha rafu. Ukigeuza msumeno upande wa pili wa bamba, hesabu inabadilika. Mimi hesabu nilizimalizia kidato cha nne na tukaachana kwa amani. Wenye reli hawana hili zogo: ukingo wa reli una kanda ya mpira iliyokatwa na diski yenyewe mara ya kwanza inapopita, kwa hiyo mpira unaishia pale pale panapokatwa. Unaweka mpira juu ya mstari, basi. Na ile kanda inazikandamiza nyuzi za mbao zisichanike. Hapo nakiri, Mjerumani alikaa akafikiri.

Maana huu wa duara wa kawaida unachana. Meno yake yanakata yakitokea chini kwenda juu, kwa hiyo uso wa juu ndio unaotoka manyoya. Dawa ni kulaza uso mzuri chini, na kuweka diski ya meno mengi, 40 kwenda juu, siyo ile ya meno 24 wanayokupa nayo dukani, ambayo ni ya kupasulia mbao za kenchi. Dukani hilo hawasemi. Wanakwambia tu, "Bosi, huu unakata kila kitu." Unakata, ndiyo, na kidole ni kitu pia. Diski inazunguka kama mara 5,000 kwa dakika. Ukiiacha plaiwudi ikalegea katikati, ikaibana diski, msumeno unakurukia mwenyewe. Lazima vipande vyote viwili viwe vimeegemea kitu. Mimi ninalaza plaiwudi yote chini, juu ya vipande vya mbili kwa mbili, ninaishukia na magoti. Mama watoto anasema nikiwa vile nafanana na mtu anayetafuta pete.

Shemeji yangu yuko Marekani, akajitolea kunitumia wa kwao. Nikamshukuru sana. Wa kwao ni wa volti 120, wetu ukutani ni 230. Ungekata kwa sekunde tatu halafu ungevuta sigara.

Halafu eti sifa nyingine ya msumeno wa reli, una bomba la kunyonyea vumbi. Vumbi! Mtu anamwambia mkazi wa Dodoma habari za vumbi, mwezi wa nane, upepo ukiwa umeshaingia mpaka kwenye chupa ya chai! Na bomba lenyewe ni la kuunganisha na mashine nyingine ya kunyonya, inayouzwa peke yake. Hapo ng'ombe amepata ndama. Mimi navaa barakoa, nakatia nje, upepo unanyonya bure. Tatizo ni kwamba unapeleka kwenye nguo za jirani.

Lakini kinachonimaliza nguvu ni huo unyoofu wenyewe. Mpwa anasema kwa reli utakata ukingo ulionyooka kama umetoka kiwandani. Sawa. Kabati hilo litakaa wapi? Kwenye ukuta wangu, ambao fundi wake aliujenga bila kamba, una tumbo katikati. Sakafu inateremkia mlangoni, ukimwaga maji yanajua pa kwenda. Nikipeleka kabati lililonyooka mle ndani, litaonekana lenyewe ndilo limepinda! Unyoofu wa kuuzia ng'ombe ulianza kunishinda hapo.

Na kama ni kabati moja tu, wauza plaiwudi wengine wanakukatia pale pale dukani kwa mashine kubwa ya meza, unawalipa kwa kila mkato. Ndiyo akili. Ila nimeshatangaza mtaa mzima kwamba nakata mwenyewe, na mzee wa penseli ameshaleta kigoda cha kukalia.

Basi nikanunua wa mbuzi wawili, na reli nikatengeneza. Unachukua kipande chembamba cha plaiwudi cha milimita sita, juu yake unagundisha ukanda wa plaiwudi uliokatwa kwenye ukingo wa kiwandani, ule ambao umenyooka tayari. Halafu unapitisha msumeno ukiegemea ukanda, unakata ziada. Kuanzia hapo ukingo wa chini unaishia pale pale diski inapopita. Hesabu zimekwisha. Unaweka kwenye mstari, unabana, unakata. Mpwa alipoiona alinyamaza, na huyo kunyamaza ni habari.

Nikaiegemeza ukutani, nikaingia ndani kunywa chai. Kutoka, haipo. Mama mkwe alikuwa amefika asubuhi ile, kaichukua, kailaza juu ya matofali pale juani, kaitandazia mlenda wa kukausha kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Mama mkwe hakemewi. Nikainama, "Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Ubao wako mzuri huu, umenyooka kweli. Utanitengenezea na mwingine niondoke nao."