Jamani sijaacha kazi kwa website

Naomba mnisikilize kabla hamjaendelea kunitumia hongera. Sijaacha kazi. Nipo kazini, naandika hii nikiwa nimejibanza chumba cha printa maana kila nikipita koridoni mtu anakohoa. Aliyeposti jana usiku kwamba "kuna jamaa ofisini kwetu kaacha kazi kwa njia ya website mbele ya bosi" namjua, tunakaa meza moja, chaja yangu anayo yeye mpaka sasa hivi, na stori yake ina uongo wa aina tatu: sikudukuliwa, sikulia, na ile rekodi ya sauti yangu haikuchezwa mpaka mwisho. Mengine yote, kwa bahati mbaya, ni kweli.

Ofisi ilikuwa inataka kijiwebsite cha kuwaelekeza wafanyakazi wapya. Kurasa tatu tu, karibu, ratiba ya mafunzo, na maswali ambayo kila mgeni huuliza. Hamna kulogini, hamna fomu, hamna database. Sasa kwenye kikao watu wakaanza kuongelea kukodi seva, yaani kompyuta ya kuhudumia website muda wote, mara kumtafuta mtaalamu, na mdomo wangu ukanitangulia, namwambia bosi: "Madam, seva ya nini? Hizo si faili tu. HTML ya maandishi, CSS ya mwonekano na vipicha viwili, unazitupa kwenye baketi ya klaudi, yaani kapu la kutunzia faili mtandaoni, unaiambia baketi ijifanye website, kwisha kazi. Hamna mashine ya kuwasha, hamna kitu cha kusasisha kila mwezi, unalipia nafasi unayokula na data inayotoka, kwa kurasa tatu hata hiyo bili utaitafuta kwa tochi." Na hapo sikudanganya, mpaka leo nasimamia hapohapo, website ya hivyo haihitaji seva yake. Tatizo halikuwa teknolojia. Tatizo lilikuwa vitu vyangu.

Maana usiku nikakaa kufungua baketi mpya, na kwenye huduma ninayotumia (kampuni siitaji, masikini haina kosa) jina la baketi lazima liwe halijachukuliwa na mteja mwingine yeyote, kuanzia herufi 3 mpaka 63, hamna herufi kubwa, hamna kuacha nafasi. Nikajaribu "mafunzo", limechukuliwa. Nikajaribu mafunzo na mkia huu na mkia ule, limechukuliwa, sijui na nani, hao watu wanafundisha nini jamani. Usingizi unanivuta, ndipo nikakumbuka nina baketi ya zamani, niliifungua kipindi laptop yangu iko mahututi nikahamishia kila kitu cha maana, na ina jina la heshima kabisa. Nikaona mbona hiihii inatosha, natupia index.html (ndio ukurasa wa mwanzo) na style.css humohumo, nani atajua.

(Wale wa IT mnaosoma hii naona mmeshika vichwa. Subirini, bado.)

Nikafungua anwani kwenye brauza: 403, AccessDenied, yaani huruhusiwi kuingia. Ni sawa, baketi nilikuwa nimeifunga kwa umma, na hata S3, huduma ya baketi ya Amazon, tangu Aprili 2023 baketi mpya inazaliwa ikiwa imefungwa kwa sababu watu walikuwa wanaanika mambo yao bila kujua. Mimi nikaenda nikaifungua kwa kujua. Likatokea onyo, limeandikwa vizuri tu, kwamba vilivyomo humu vinaweza kuonekana na mtu yeyote, kama una uhakika andika neno la kuthibitisha kwenye hiki kiboksi. Nikaliandika, herufi kwa herufi, na miayo juu.

Bado 403. Kumbe kuondoa kufuli hakutoshi, unatakiwa uweke na sera ya baketi, kile kijimaandishi cha JSON kinachosema nani aruhusiwe nini. Kwa website ruhusa inayotakiwa ni moja tu, watu wasome faili. Mimi nikaona kusoma peke yake kama kunapungukiwa hivi, nikaongeza na ruhusa ya kuorodhesha. Yaani badala ya mgeni kufika sebuleni tu, nimempa na orodha ya vilivyomo kabatini chumbani. Nikajaribu tena, nikaweka anwani nzima mpaka mwisho na index.html yake, ukurasa huo, umetulia, rangi ya bluu, nikajipongeza.

Kitu kingine kidogo, halafu ndicho kilichonimaliza. Baketi kama ile ina anwani mbili. Moja ni ya website, hiyo ukiandika jina tupu inajua yenyewe kwenda kuchukua index.html. Nyingine ni ya hifadhi, hiyo haijui mambo ya website, ukiiomba faili inakupa faili, usipoitajia faili inakupa orodha ya kilichomo kama sera inaruhusu. Sasa ile ya website kwenye huduma yangu haina HTTPS, ile inayoficha mawasiliano yasidukuliwe njiani, brauza inaweka maneno "si salama" pale juu, nikasema bosi akiona hayo nimekwisha. Ile ya hifadhi ina kakufuli kazuri. Nikachagua kakufuli.

Asubuhi, chumba cha kikao. Watu wapo wote, hata wale ambao huwa wana udhuru. Laptop ya madam ndiyo iko kwenye projekta. Nimemtumia linki, kabla hajaifungua nimesimama natoa mhadhara, mara S3 ilianza Machi 2006, mara uwezo wa kuendesha website moja kwa moja kutoka kwenye baketi ukaja 2011, kwa hiyo ndugu zangu hiki si kitu cha majaribio, na mkono mmoja nimeuweka mfukoni. Nauchukia ule mkono.

Madam akabofya. Ukurasa ukafunguka. Watu wakasema "eeh". Mnaniamini? Walisema eeh! Hiyo sehemu kwenye posti ya yule bwana haipo.

Halafu madam akainama kuangalia anwani, akasema, "Vizuri sana, ila huku mwisho hii index dot html ya nini? Mgeni ataandikaje yote haya?" Akaenda taratibu na kibodi yake, akafuta. L. M. T. H. Namwangalia tu, kichwani najua kuna kitu, ila sijui ni nini. Akabonyeza enta.

Skrini ikawa nyeupe. Juu kabisa brauza ikaandika kwamba faili hii ya XML haina mtindo, chini yake maandishi madogo madogo yamejipanga. Sekunde ya kwanza nikasema afadhali, wataona ni mambo ya kompyuta tu, hamna atakayesoma. Madam akavaa miwani.

Sasa mjue hizi orodha zinapangwaje. Herufi kubwa zote zinatangulia, ndogo zinafuata. Faili za website zote nimeziandika kwa herufi ndogo kama mtu mstaarabu, kwa hiyo ziko chini kabisa. Faili zangu binafsi mimi huwa nazianza kwa herufi kubwa. Ndizo zilizopokea wageni.

"BARUA_YA_KUACHA_KAZI_final.docx," madam akasoma. Anasoma kwa sauti, ndivyo alivyo, hata menyu husoma kwa sauti. Kimya. Akashuka mstari. "BARUA_YA_KUACHA_KAZI_final_HASA.docx." Akanyanyua macho akaniangalia, akayarudisha. "CV_mpya_asione_mtu.pdf."

Hapo mtu akakohoa, na kikohozi kile ndicho hiki mnachosikia koridoni leo.

Nikasema madam hizo ni za zamani. Ni kweli ni za zamani! Niliandika siku nimekasirika, kila mtu ana barua yake, msinitanie. Tatizo ile orodha haitaji jina tu, inataja na tarehe na saa faili ilipopandishwa mpaka sekunde. Madam akasoma tarehe. Akasoma saa, 07:40. Mimi kwa kiherehere nikadakia, "Mnaona, asubuhi mapema kabla ya kazi." Dada wa uhasibu, ambaye hajawahi kuongea kwenye kikao tangu nimjue, akasema kwa upole, "Kaka, hiyo Z mwishoni maana yake ni saa za UTC, zile za kimataifa, si za hapa. Jumlisha tatu." Watu wakajumlisha. Niliwaona wakijumlisha. Saa nne na dakika arobaini asubuhi.

Madam akafungua daftari lake. Ana daftari jamani, anaandika kila kitu. Akapekua, akaweka kidole. "Siku hii ndiyo uliniambia ripoti haijatumwa kwa sababu intaneti ilikuwa chini."

Sikujibu kitu.

"Intaneti ilikuwa chini," akasema, "ila barua ilipanda."

Ningefia hapo ingekuwa nafuu, ila orodha ilikuwa inaendelea. "Kuimba_bafuni.mp4." Pembeni kuna ukubwa wa faili, kwa baiti, 734003200, na dada wa uhasibu, leo mdomo umemfunguka, "Hiyo ni MB 700 kamili." Mtu akauliza sasa mtu anaimba nini MB 700. Swali zuri, sina jibu. Na chini yake, "Madam_anavyoongea.m4a."

Mimi hapo nikaruka kwenye laptop yangu kufunga baketi. Mikono inatetemeka, paswedi nakosea, mtambo unaniomba na namba ya kuthibitisha inayokuja kwenye simu, simu nimeiacha mezani kwangu. Na ndani ya huo muda rafiki yangu, huyu huyu wa chaja, ana linki kwenye simu yake kwa sababu niliwatumia wote kwa madoido, keshaunganisha jina la faili mwisho wa anwani, na faili inasomwa na umma, si nimeiruhusu mwenyewe. Nikasikia sauti yangu inatoka upande wa pili wa meza. Mimi, nimebana pua, namuiga madam: "Kwa hiyo jamani, kwa hiyo tunasema, kwa hiyo deadline ni deadline, kwa hiyo..."

Akaizima. Anasema aliteleza kidole. Kidole kilichoteleza kikaandika Madam_anavyoongea.m4a bila kukosea hata mstari wa chini.

Hakuna aliyepumua. Madam akavua miwani polepole, akaikunja, akaiweka juu ya daftari, akasema:

"Kwa hiyo mimi naongea hivyo?"

Jamani. Watu walijiuma midomo mpaka machozi, mmoja akainama chini ya meza kutafuta kalamu ambayo hakuwa nayo, na madam mwenyewe akajisikia, nikaona kabisa amejisikia, akataka kurekebisha akasema "Kwa hiyo tuendelee," na hapo ndipo kikao kilipokufa.

Mimi wakati huo nimeshapata simu nimeshaingia, nimerudisha kufuli, napiga kelele "nimefunga! nimefunga!" Madam akarifreshi. 403, AccessDenied. Akasema sasa umenikataa na mimi, na ile website yenyewe iko wapi? Na website nayo imefungiwa humohumo, tena kwa ukali.

Mengine ni mafupi. Mchana nikafungua baketi mpya yenye jina refu la ajabu, ndani faili za website tu, sera ya kusoma peke yake bila kuorodhesha, mbele nikaweka CDN, mtandao wa seva za kusambaza kurasa, ndiyo inayotoa HTTPS na kujua index.html yenyewe, jina likawa fupi, madam kaandika akaingia. Kazi imepita. Nikaitwa ofisini kwake nikajua basi, akaniuliza kitu kimoja tu, kama kuna tofauti gani kati ya "final" na "final hasa". Nikamwambia ya pili ina adabu zaidi. Akasema haya, nenda kafanye ripoti.

Kwa wanaoulizia video ya bafuni mnisikilize: imefutwa. Na si kufuta kwa juu juu, maana ile baketi nilikuwa nimewasha kutunza matoleo ya zamani, ukifuta faili inawekewa alama tu kwamba imefutwa huku yenyewe ipo chini imelala, kwa hiyo nimeingia toleo moja moja nikazitoa zote. Haipo popote. Nimemuuliza na huyu bwana uso kwa uso kama aliwahi kuishusha, kaapa, anasema MB 700 kwa bando lake ataiweza wapi, alikuta nimeshafunga. Nikamwamini.

Ila sasa hivi amepita hapa mlangoni kwenye printa, anaimba, na pale kwenye kupanda ambapo mimi huwa napotea, na yeye kapotea palepale.